Nyumba ya Ushuru

Kasri la Cortés mjini Cuernavaca lilijengwa ili liogopwe, na karne tano baadaye bado linatisha. Kuta zake ni nene, za mawe ya volkano, na juu yamepangwa meno kama ya ngome. Mnara wa saa umesimama juu ya paa, na chini yake wachuuzi wamejipanga na shanga zao na mikanda ya ngozi. Lakini mgeni mwenye subira asianze na kuta hizo. Aanze chini, kandokando ya jengo, pale ardhi ilipofunuliwa na wanaakiolojia, vikaonekana vipande vya kuta fupi, ngazi na sakafu za kale, vingine vikiingia chini ya kasri na kupotelea humo. Hiyo ndiyo nyumba iliyokuwapo kabla. Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, hakuibomoa akaenda kujenga kwingine, aliikalia.

Nilikuwa nimepanda basi asubuhi katika kituo cha Taxqueña, kusini mwa Jiji la Mexico. Hadi Cuernavaca ni kama kilometa 85, lakini njia inapita katika nchi mbili za hali ya hewa. Kwanza inapanda milima ya misonobari mpaka karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, huko Tres Marías, ambako abiria hujifunika mablanketi na moshi wa majiko ya mkaa umetanda pembeni mwa barabara. Kisha inaporomoka kwa kona moja baada ya nyingine, masikio yanaziba, masweta yanavuliwa, na ghafla kuna mibogonvilia ukutani na joto la kupendeza. Cuernavaca iko mita 1,500 hivi. Matajiri wa jiji kuu wamekuwa wakiteremkia huku tangu zama za Wamexica, waliotawala kabla ya Wahispania, na kila aliyeteremka alikuta kitu cha kutamani.

Ndani ya kasri hili mna makumbusho ya jimbo la Morelos. Yalifunguliwa mwaka 1974 kwa jina la Makumbusho ya Jimbo ya Cuauhnáhuac, jina la mji kabla ya Wahispania. Tetemeko la ardhi la tarehe 19 Septemba 2017, lenye ukubwa wa 7.1, lilipasua kuta na kuujeruhi mnara wa saa, milango ikafungwa kwa miaka. Yalipofunguliwa tena mwaka 2023 yalikuwa na jina jingine: Makumbusho ya Jimbo ya Watu wa Morelos. Nilisafiri kwa sababu ya vitu viwili vilivyomo humo: jiwe moja lililorudishwa kutoka Marekani, na ukuta aliouchora Diego Rivera. Nilitoka nikiwa na jambo la tatu kichwani ambalo sikulitafuta, nalo ni ushuru.

Watu wa hapa walikuwa Watlahuica. Mahali kasri liliposimama palikuwa na jengo la utawala, ambamo mazao na bidhaa za vijiji vya bonde zima zilikusanywa kabla ya kubebwa mgongoni kuvuka ile milima ya misonobari hadi Tenochtitlan, mji mkuu wa Wamexica. Tunajua kilichobebwa. Katika Kodeksi ya Mendoza, kitabu cha michoro kilichotengenezwa karne ya 16 muda mfupi baada ya uvamizi, jimbo la Cuauhnáhuac lina ukurasa wake, na humo vimechorwa vitu ambavyo watu hawa walitozwa: nguo za pamba za aina mbalimbali, mavazi ya mashujaa yenye manyoya, karatasi za magome ya mti, vibuyu, na maghala ya mahindi na maharage. Kila kitu kina alama ya hesabu yake. Aliyezoea kuona daftari za watoza kodi atautambua ukurasa huo bila kufundishwa.

Katika kumbi za chini nilikaa muda mrefu mbele ya kabati la vitu ambavyo wageni wengi huvipita. Ni vigurudumu vidogo vya udongo, vimetobolewa katikati, vingine vimechorwa maua na ndege. Wanawake walivipachika kwenye kijiti, wakakizungusha ndani ya bakuli, na pamba ikageuka uzi. Mimi ni mtu wa Pwani, na nimeviona vya namna hii Kilwa, ambako wachimbaji walipata vigurudumu vya kusokotea, vingi vikiwa vimechongwa kutoka vigae vya vyungu vilivyovunjika. Bahari mbili na bara zima vimetenganisha Kilwa na Cuernavaca, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Kidole cha mwanamke anayesokota kilijua njia yake kote kuwili. Ila Kilwa ilivaa na kuuza pamba yake. Hapa nusu ya jasho la kijiti hicho lilipanda mlima likawa la mtu mwingine.

Kuna kisa cha kale kuhusu pamba hii, na kimeandikwa katika kumbukumbu za Wamexica wenyewe. Huitzilihuitl, mtawala wa Tenochtitlan wakati Wamexica walipokuwa bado maskini wa kisiwani, alimtamani binti wa mfalme wa Cuauhnáhuac, Miahuaxihuitl. Baba yake alikuwa mchawi. Alimlinda bintiye kwa nge, tandu, nyoka na popo, asikaribiwe na mtu. Basi Huitzilihuitl akachukua mshale uliopambwa, akatia jiwe la thamani ndani yake, akaurusha juu ya ukuta ukaanguka uani. Binti akaliona jiwe liking'aa, akalitia kinywani kulijaribu, likateleza, akalimeza. Akachukua mimba, na mtoto aliyezaliwa ni Moctezuma wa kwanza, aliyekuja kuwa mmoja wa wafalme wakubwa wa Mexica. Wasimulizi hawakuficha sababu ya posa hiyo: Wamexica walikuwa wakivaa nyuzi ngumu za mmea wa magei, na huku bondeni kulikuwa na pamba. Walianza kwa kuoa, wakamaliza kwa kutoza. Moctezuma huyohuyo alikuja kuitoza ushuru nchi ya mama yake.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu makumbusho mengi yaliyomo katika kasri za wavamizi hupenda kuonyesha kwamba kabla ya Mzungu palikuwa bustani ya amani. Haya hayafanyi hivyo. Yanakuonyesha kwamba Cortés alipofika hapa mwezi Aprili 1521, miezi minne kabla Tenochtitlan haijaanguka, alikuta mfumo wa kukamua ukiwa tayari, na nyumba yake ikiwa tayari. Alichobadilisha ni mwenye nyumba.

Sasa jiwe.

Chalcatzingo ni kijiji kilicho mashariki mwa jimbo hili, chini ya vilima viwili vya mawe vinavyochomoza peke yake kutoka tambarare. Miaka zaidi ya 2,500 iliyopita, watu wa huko walichonga miamba ya vilima hivyo kwa mtindo wa Olmec, ustaarabu wa kale wa pwani ya Ghuba ya Mexico: mtu aliyeketi ndani ya pango huku mawingu yakimwaga mvua, wanyama wakali, mimea inayochipua. Jiwe linaloitwa Mnara wa 9 lilikuwa miongoni mwa kazi zao. Ni uso wa kiumbe mkubwa, urefu wake karibu mita 1.8 na upana mita 1.5, uzito wake tani moja hivi. Wataalamu humwita Jini la Ardhi. Macho yako juu, nyusi zimepinda, na chini yake kuna kinywa kilichoachama katika umbo la msalaba, mdomo juu ya mdomo juu ya mdomo. Kwenye pembe za kinywa yameota majani. Na katikati ya kinywa hamna kitu: jiwe limetobolewa mpaka upande wa pili. Kinywa hicho ni pango, na pango ni mlango wa kuingia kwa wafu na kwa maji ya mvua.

Katikati ya karne ya 20 watu walilivunja jiwe hili vipande, wakalitoa nchini kwa siri. Mwanaakiolojia Mmarekani David Grove aliandika habari zake mwaka 1968, na wakati huo tayari lilikuwa Marekani. Lilipita katika mikono ya watu binafsi, lilionyeshwa kwa umma, hatimaye likapatikana Denver, katika jimbo la Colorado. Kitengo cha waendesha mashtaka wa Manhattan kinachofuatilia wizi wa vitu vya kale kililishika, na mwezi Mei 2023 likapandishwa ndege na kurudishwa. Lilikuja moja kwa moja hapa, kwenye kasri lililokuwa limefunguliwa upya wiki chache tu kabla.

Nilikuwa nimeliona katika picha mara nyingi. Picha hazionyeshi viungo. Ukilikaribia unaona mistari pale vipande vilipounganishwa, baadhi imekaa vizuri, mingine inaonekana kama kovu. Mlinzi wa ukumbi, mzee mwenye sharubu nyeupe, aliniona nikiinama kuyatazama makovu hayo. Nilimuuliza kwa Kihispania changu cha kubahatisha kama watu wa Chalcatzingo huja kulitazama. Akasema huja, na siku lilipoletwa walikuja na maua. Kisha akaongeza bila mimi kumuuliza kwamba wao wanataka lirudi kwao, kilimani. Akasema hivyo kwa sauti ya mtu anayeona ni haki yao.

Hapo nilifikiria vigango. Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda huwachongea wazee wa chama cha Gohu nguzo za mbao wanapofariki, nguzo zenye kichwa cha duara na mwili wenye nakshi za pembetatu, na kigango kikishasimikwa hakihamishwi, kwa kuwa ndicho makazi ya roho ya mzee. Tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango viling'olewa usiku kwa mamia, vikauzwa kwa watalii na madalali, vikaishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudishwa kwa familia moja ya Kilifi mwaka 2007, baada ya mtafiti kuonyesha picha aliyompiga mwenyewe mzee wa boma akiwa amesimama kando yake kabla havijaibwa. Na mwaka 2014 makumbusho ya mji huohuo wa Denver yaliamua kurudisha vigango 30 nchini Kenya. Mji mmoja umewahi kuwa makao ya roho za wazee wetu na ya kinywa cha ardhi cha Wamexico. Nililisema jambo hilo kwa mlinzi kadiri nilivyoweza. Aliniuliza kama nguzo hizo zimesimikwa tena. Nikamjibu kwamba kurudi nchini ni jambo moja na kurudi kayani ni jingine. Akatikisa kichwa na kuitazama ile sura ya jiwe.

Maoni yangu ni kwamba watu wa Chalcatzingo wana haki. Najua hoja za upande wa pili: ulinzi, mvua, wezi, wageni wachache. Zote ni za kweli, na zote ni zilezile zinazotumika kuzuia vitu vya kale ugenini. Jiwe lililotobolewa ili pango lipumue halipumui ndani ya kasri, hata kasri likiwa na jina jipya.

Kumbi zinazofuata ni za ukoloni, na humo nilipita haraka mbele ya mapanga, masanduku na sanamu za watakatifu ambazo mtu anaweza kuziona katika mji wowote wa Mexico. Nilisimama mbele ya habari za sukari. Mwaka 1529 mfalme wa Hispania alimfanya Cortés kuwa Markizi wa Bonde la Oaxaca, akampa miji 22 na raia 23,000 wa kumtumikia na kumlipa. Cuernavaca ilikuwa mojawapo, na ndipo alipomweka mkewe, Juana de Zúñiga, katika jengo hili ambalo ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1520. Watlahuica waliendelea kuleta nguo za pamba kwenye nyumba ileile. Cortés akaongeza miwa. Alijenga kinu cha sukari hapo Tlaltenango, ambayo leo ni mtaa wa mji, na kinu kikahitaji mikono ambayo maradhi yaliyoletwa na Wahispania yalikuwa yakiiua kwa kasi. Mwaka 1542, akiwa Hispania, alitia saini mkataba na mfanyabiashara wa Genoa, Leonardo Lomelín, wa kuletewa Waafrika 500 waliofanywa watumwa.

Wengi wa Waafrika wa karne hiyo walitoka magharibi ya bara letu. Lakini baadaye ikafunguka njia nyingine inayotuhusu zaidi. Kuanzia 1565 hadi 1815 merikebu za Kihispania zilisafiri kati ya Manila na Acapulco, na ndani yake, pamoja na hariri na vyombo vya kaure, walikuwamo watu walionunuliwa. Baadhi yao walikuwa wa pwani ya Msumbiji, waliopitishwa na Wareno Goa na kwingineko Asia hadi Manila, kisha wakavuka Pasifiki. Huku waliitwa *cafres*. Ni lilelile kafiri tunalolijua, walilolichukua Wareno kutoka kwa Waarabu wa pwani yetu. Barabara ya kutoka Acapulco kwenda jiji kuu ilipita Cuernavaca, chini ya kuta hizi. Kwa hiyo watu waliozaliwa wakisikia mawimbi ya Bahari ya Hindi walipita hapa kwa miguu, na mimi nikiwa nimesimama dirishani nilijaribu kuwaona, wakipanda kutoka kwenye jua la jimbo la Guerrero, wakiitazama milima ya misonobari wasiyoijua. Mexico ilikomesha utumwa mwaka 1829, chini ya rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika. Katika mji huu alama iliyo wazi zaidi ya njia ile ya bahari iko hatua chache kutoka kasrini, ndani ya kanisa kuu: ukuta mzima umechorwa kuuawa kwa Wakristo 26 huko Nagasaki, Japani, mwaka 1597, picha iliyofunikwa kwa rangi kwa muda mrefu hadi ilipogunduliwa wakati wa ukarabati katika miaka ya 1950. Aliyeleta habari kutoka Nagasaki mpaka hapa alipita barabara ileile ya wale wa Msumbiji.

Ghorofa ya juu, upande wa mashariki, kuna baraza ndefu yenye matao. Siku isiyo na ukungu, volkano Popocatépetl inaonekana kutoka hapo. Watu hawaitazami sana, kwa sababu ukuta ulio nyuma yao umechorwa na Rivera.

Alipewa kazi hiyo na Dwight Morrow, balozi wa Marekani nchini Mexico, aliyekuwa na nyumba ya mapumziko hapa na aliyetaka kuuachia mji zawadi. Malipo yalikuwa dola 12,000. Rivera alikuwa ndio kwanza amefukuzwa katika Chama cha Kikomunisti na ndio kwanza amemwoa mchoraji mwenzake, Frida Kahlo. Wote wawili walikaa katika nyumba ya balozi wakati wa kazi, iliyokamilika mwaka 1930. Balozi wa nchi tajiri anamlipa mchoraji wa mrengo wa kushoto achore ukuta wa kasri la mvamizi, na wakati huo jengo lilikuwa ofisi ya gavana. Mtu angetarajia picha ya upole. Kilichotoka ni hukumu.

Inaanza kwa vita. Shujaa aliyevaa ngozi ya jagua, chui mkubwa wa nchi hizo, amempandia askari wa Kihispania aliyefunikwa chuma toka utosini hadi miguuni, naye amemchoma kwa kisu cha jiwe pale chuma kilipoacha mwanya. Rivera anaanza na wenyeji wakishinda, ili mtazamaji asidhani kwamba kushindwa kwao kulikuwa tabia yao. Kisha wanakuja Wahispania wakivuka korongo. Mji ulizungukwa na makorongo marefu, madaraja yalikuwa yameondolewa, nao walivuka kwa kutambaa juu ya miti iliyoinamiana kutoka kingo mbili. Rivera ameuchora mti ule na miili ile juu yake, na chini yao utupu wa kijani kibichi.

Halafu kunakuwa kimya katika picha, kimya cha kazi. Watu wanapigwa chapa ya moto. Watu wanabeba mawe, migongo imepinda kwa pembe moja, na mawe wanayobeba yanajenga kasri hilihili ambalo mtazamaji amesimama ndani yake. Mbele kidogo ni shamba la miwa: wakataji wameinama, mnyapara yuko juu ya farasi, na mwenye shamba amejinyoosha katika kitanda cha kamba kinachoning'inia. Rangi ya miwa ni nzuri mno. Nadhani Rivera alifanya makusudi, maana uzuri wa bonde hili ndio uliowaponza watu wake. Kuna mapadri pia, na hapa mchoraji amekuwa mwadilifu: wapo wanaopokea mali, na yupo Motolinía, yule Mfransisko aliyewatetea wenyeji. Ukuta unaishia kwenye moto wa Inkwizisheni, mahakama ya kanisa, na, mwisho kabisa, Zapata, kiongozi wa mapinduzi ya wakulima.

Chini ya picha kubwa kuna mfululizo wa picha ndogo za rangi ya kijivu, zimechorwa zionekane kama nakshi za mawe. Wageni wengi hawainamishi vichwa kuzitazama. Mimi niliziona kuwa bora kuliko baadhi ya zile za juu, kwa sababu humo Rivera ameondoa rangi zote zinazofurahisha macho na kubakiza tendo tupu.

Emiliano Zapata amesimama ameshika hatamu za farasi mweupe, mkononi ana panga la kukatia miwa, na mwilini amevaa suruali na shati la pamba nyeupe, vazi la wakulima wa bonde. Mwaka uliofuata kukamilika kwa ukuta huu Rivera alikwenda New York kwa maonyesho yake katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, akachora upya sehemu zake juu ya mbao zinazobebeka, na tangu hapo Zapata huyu wa pamba nyeupe na farasi mweupe akajulikana dunia nzima. Upande wa pili wa ukuta, anayemtazama ni José María Morelos, padri aliyeongoza vita vya uhuru, ambaye jimbo linaitwa kwa jina lake. Kasri lilikuwa jela wakati wa Wahispania, na inasimuliwa kuwa Morelos alifungwa humu mwaka 1815 alipokuwa akipelekwa jiji kuu, ambako alihukumiwa kabla ya kupigwa risasi Ecatepec mwezi Desemba.

Zapata alizaliwa mwaka 1879 Anenecuilco, kijiji kilicho kusini mashariki mwa hapa, kilichozingirwa na mashamba ya miwa. Karne baada ya karne mashamba hayo yalimega ardhi na maji ya vijiji. Mwezi Septemba 1909 wazee wa Anenecuilco walijiuzulu kwa uzee, wakamchagua Zapata, mwenye umri wa miaka 30, awe mkuu wa baraza la kijiji. Wakamkabidhi sanduku la hati za ardhi, nyingine za zama za ukoloni na zenye maandishi ya Kinahuatl. Yeye na katibu wake, Francisco Franco, walijifungia kuzisoma; zile za Kinahuatl Franco alizipeleka kijiji kingine kwa padri aliyeijua lugha. Kilichomo kilikuwa wazi: ardhi ilikuwa yao. Miaka kumi ya vita ilifuata. Zapata aliuawa kwa hila Chinameca tarehe 10 Aprili 1919, lakini sanduku lilinusurika, maana alikuwa amemwagiza Franco alilinde kwa uhai wake. Franco alilinda hati hizo kwa karibu miaka 30 baada ya hapo, naye akauawa mwaka 1947.

Nilisimama katikati ya baraza ile nikiwaza kwamba sanduku la Anenecuilco lilikuwa jibu la ukurasa ule wa Kodeksi ya Mendoza. Karatasi moja iliandika kinachodaiwa kwa watu wa bonde. Karatasi nyingine, zilizofichwa chini ya vitanda na ndani ya mashimo, ziliandika wanachodai wao. Makumbusho haya yana mengi kuhusu ya kwanza. Ya pili yangestahili ukumbi mzima, na huo ndio upungufu ninaouona katika mpangilio mpya, ambao kwa mengine umefanywa kwa heshima na akili.

Nilipokuwa nateremka, kundi la wanafunzi wa shule ya msingi liliingia kwa kelele, sare nyekundu, mwalimu akiwapanga wawiliwawili. Msichana mmoja alisimama mbele ya Mnara wa 9 akaingiza mkono hewani kuelekea kwenye tundu, bila kugusa, kupima kama ungeenea. Mlinzi mwenye sharubu alimwangalia asimkataze.

Kwa msomaji atakayekwenda: makumbusho hufungwa Jumatatu. Nenda asubuhi, kwa kuwa baraza ya Rivera inatazama mashariki na mwanga wa saa tatu huingia ndani mpaka ukutani. Anza chini kwenye magofu, panda taratibu, acha michoro iwe ya mwisho. Vaa viatu visivyoteleza, sakafu za mawe zimelainika. Kisha usirudi jiji kuu siku hiyohiyo. Magari madogo ya abiria kwenda Cuautla huondoka mara kwa mara, na kutoka Cuautla ni mwendo mfupi hadi Anenecuilco, ambako kuta za udongo za nyumba alimozaliwa Zapata zimejengewa paa kubwa la kuzikinga na mvua. Upande wa mashariki kutoka Cuautla kuna njia ya Chalcatzingo. Vilima viwili utaviona ukiwa bado mbali, na watoto wa kijiji watajitolea kukuongoza hadi kwenye michongo. Waulize ni wapi jiwe lilikuwa. Watakuonyesha.